Tiefenbach: Kijiji kilichopata riziki kwenye korongo kililoliogopa

MTOTO anapoingia kwa mara ya kwanza katika Korongo la Breitach, kusini mwa Ujerumani, jambo la kwanza analofanya ni kuutafuta mkono wa mzazi wake. Njia ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mwamba. Upande mmoja kuna ukuta wa jiwe unaochuruzika maji, upande wa pili kuna kizuizi cha chuma, na chini yake mto unanguruma kiasi kwamba aliye hatua chache mbele hasikii akiitwa. Ukiinua macho, kuta zimesogeleana hadi anga limebaki kama utepe.

Korongo hili, ambalo Wajerumani huliita Breitachklamm, liko katika kijiji cha Tiefenbach, karibu na mji mdogo wa Oberstdorf, eneo la Allgäu katika jimbo la Bavaria. Hapo ndipo vilima vya malisho ya ng'ombe vinapoishia na milima ya Alps inapoanza. Mto Breitach hutokea upande wa Austria, katika bonde la Kleinwalsertal. Ukishapita kwenye korongo, hukutana na mito Stillach na Trettach na kuwa mto mmoja mkubwa zaidi, Iller.

Urefu wa korongo ni kama kilomita 2.5, na kuna mahali ambapo kuta zake hufikia mita 100 hivi kwenda juu. Kazi yote hiyo imefanywa na maji. Barafu kubwa iliyofunika eneo hili ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 iliyopita, mto ulianza kuukata mwamba. Mawe yaliyobebwa na maji yalizunguka sehemu moja miaka nenda miaka rudi, yakachimba mashimo ya mviringo yanayofanana na vyungu. Watoto huyaona upesi kuliko watu wazima.

Padri na baruti

Kwa karne nyingi wenyeji hawakuona uzuri wowote humo. Wakulima na wafugaji wa Tiefenbach walilikwepa korongo, na simulizi za zamani zililifanya kuwa makao ya mizimu. Kijiji kilikuwa maskini. Kilikuwa na ng'ombe, nyasi na majira marefu ya baridi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika padri mmoja, Johannes Schiebel. Yeye alipolitazama korongo aliona riziki. Wageni walikuwa wameanza kuja milimani kwa treni, na Schiebel aliamini kwamba wangelipa kiingilio kuona jambo ambalo wanakijiji walilikimbia. Haikuwa rahisi kuwashawishi watu wasio na fedha waziweke fedha kwenye shimo la mwamba. Hata hivyo ushirika uliundwa, kazi ya kulipua mwamba kwa baruti na kujenga njia ikaanza mwaka 1904, na mwaka 1905 korongo likafunguliwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, ushirika wa wenyeji bado ndio unaoliendesha. Yapata wageni 300,000 hupita humo kila mwaka. Wakati wa baridi, maji yanayodondoka kutoka kuta huganda na kuwa mapazia ya barafu, na wageni huenda kuyatazama usiku wakiwa wamebeba mienge.

Mwaka mlima ulipoporomoka

Lakini riziki hiyo imetoka kwa mto, na mto haujawahi kuwa mali ya mtu. Septemba 1995, kipande cha mlima kiliporomoka ndani ya korongo, karibu mita za ujazo 50,000 za mawe. Kifusi kiliziba njia ya maji na nyuma yake likatokea ziwa. Ziwa hilo lilikaa miezi kadhaa. Machi 1996 maji yalilivunja bwawa hilo la mawe na kushuka kwa kishindo, yakaharibu njia iliyokuwa imejengwa kwa taabu. Ilibidi ijengwe upya.

Si Tiefenbach peke yake iliyoonja hayo. Mashariki zaidi, nje kidogo ya mji wa Garmisch-Partenkirchen, kuna Korongo la Partnach, lenye urefu wa kama mita 700 na kuta zinazozidi mita 80. Zamani wakata miti walilitumia kusafirishia magogo kwa nguvu ya maji, kazi iliyokuwa ya hatari. Tangu mwaka 1912 linalindwa kama urithi wa asili. Nalo mwaka 1991 lilipata maporomoko ya mwamba yaliyoziba sehemu ya njia, na ikabidi itobolewe njia nyingine ndani ya jiwe.

Ndiyo maana makorongo haya yana utaratibu ambao mgeni asiyeujua huuona kuwa usumbufu: hufungwa. Theluji inapoyeyuka majira ya kuchipua, lango la Breitach hufungwa, na wafanyakazi waliofungwa kamba hushuka kwenye kuta wakiangusha mawe yaliyolegea kabla hayajamwangukia mtu. Hufungwa pia mvua kubwa inaponyesha na maji yanapopanda. Mara nyingine hapo langoni jua linawaka, kumbe mvua imenyesha juu milimani na maji yako njiani. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake.

Kabla familia haijaingia

Kwa familia iliyo na ndugu Munich au miji ya jirani, safari hii inawezekana kwa siku moja. Treni hufika Garmisch-Partenkirchen kwa kama saa moja na nusu, na Oberstdorf kwa saa mbili na nusu hivi. Kutoka Oberstdorf kuna basi hadi Tiefenbach. Kwenda na kurudi ndani ya korongo huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili, zaidi kidogo ukiwa na watoto.

Kwanza, angalieni tovuti ya korongo asubuhi hiyohiyo kama liko wazi, kabla ya kukata tiketi ya treni. Pili, vaeni viatu vyenye nyayo zinazoshika, kwa kuwa njia huwa na utelezi hata wakati wa kiangazi. Tatu, bebeni koti. Ndani ya korongo jua halifiki kwa urahisi, na mtoto aliyelowa hupoa mwili haraka kuliko mtu mzima, hata kama huko nje watu wanatoka jasho.

Mtoto mchanga abebwe mgongoni au kifuani, kwani kigari cha mtoto hakipiti kwenye ngazi za sehemu nyembamba. Mtoto anayetembea ashikwe mkono, asiachwe atangulie, kwa sababu kelele za maji hufuta sauti ya mzazi. Mwenye matatizo ya magoti akumbuke kwamba kushuka huumiza magoti zaidi ya kupanda. Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni, isiwe kwenye begi lililoachwa hotelini. Mwendo wa familia upangwe kwa yule anayetembea polepole kuliko wote, awe bibi au mtoto wa miaka minne.

Na mkikuta lango limefungwa? Hapo ndipo wengi hukosea. Watu wametoka mbali, watoto wameahidiwa, tiketi za treni zimelipwa, na upande wa pili wa uzio njia inaonekana kavu. Baba huanza kusema, “Tuchungulie kidogo tu.” Aliyelifunga ni mwenyeji ambaye kila siku ya kufunga hukosa kiingilio. Kama yeye amekubali hasara hiyo, mgeni hana sababu ya kubishana naye.

Geuzeni, mtafute mgahawa kijijini, mwagize Kässpatzen, tambi za mayai za Allgäu zinazochanganywa na jibini na vitunguu vya kukaanga. Watoto watanuna kwa dakika chache, kisha watakula. Korongo litakuwepo wiki ijayo, na familia nzima itakuwepo kwenda kuliona.