Nyumba Juu ya Chesisi

Nilipoanza kushika spana, mwishoni mwa miaka ya 1980 katika gereji moja ya Unga Limited, Arusha, gari la safari lilikuwa Land Rover 109 ya dizeli, na nyumba yote iliyokuwa ndani yake ingeweza kushushwa na watu wawili kabla chai haijapoa. Mpaka wa Namanga, uliofungwa mwaka 1977, ulikuwa umefunguliwa tena mwaka 1983. Kwa hiyo magari yaliyoandaliwa kwa safari ndefu yalikuwa yakitufikia kutoka Nairobi, mengine yakiwa yametoka Ulaya kwa kuvuka Sahara na misitu ya Zaire. Wenyewe walilala humo, walipika humo, walifua na kuanika humo. Nilivutwa nayo tangu siku ya kwanza, na kuyaandaa magari ya namna hiyo ndiyo kazi iliyoniweka mjini mpaka leo.

Vifaa vilikuwa vichache: kitanda cha mbao kilicholazwa juu ya masanduku, godoro la sponji, jiko la mafuta ya taa, karabai, madumu ya maji na sanduku la barafu. Bonge la barafu lilinunuliwa mjini, likafunikwa kwa maranda na gunia. Ukiwahi kufika Seronera siku ya kwanza, siku ya pili bado una maji baridi. Siku ya tatu nyama iliyobaki inachemshwa yote kwa mkupuo. Betri ilikuwa moja, na kazi yake ilikuwa moja: kuwasha injini. Hakuna aliyethubutu kuifungia taa ya kusomea usiku.

Akili yetu yote ilikuwa kwenye injini. Ile ya Land Rover, lita 2.25, ilikuwa na nguvu farasi zisizofika 70, na kuupanda ukingo wa Ngorongoro na mzigo kulihitaji gia ya chini na subira. Lakini ilifunguka kwa spana za kawaida, popote. Mzee aliyenifundisha alikuwa na maneno machache.

“Dizeli haina siri, kijana. Ipe hewa safi, ipe mafuta safi, angalia kompresheni. Ikigoma, kimoja kati ya hivyo hakipo. Usije kuniita kabla hujakitafuta.”

“Nimekuelewa, mzee.”

Mafuta safi ndiyo yaliyokuwa mtihani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tulilegeza kizibo kilicho chini ya filta, tukakinga chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, tukabonyeza pampu ya mkono. Kinachotoka unakiacha kitulie kidogo, kisha unakiinua kwenye mwanga. Dizeli inakaa juu na rangi yake ya manjano. Chini, kama kuna maji, unaona mstari ulionyooka kabisa na kitu cheupe kilichotulia, pengine na chembe nyeusi za kutu ya tangi. Unaendelea kubonyeza hadi itoke dizeli tupu. Unakaza, unatoa hewa, unawasha. Kazi hiyo haimalizi hata dakika tano, na ndiyo iliyookoa pampu na nozeli nyingi kuliko kipuri chochote nilichowahi kuagiza.

Baadaye likaja tatizo ambalo chupa haikuweza kulionyesha. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wauzaji wasio waaminifu wakawa wanachanganya. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, na chuma kinasuguana na chuma. Tulipokea pampu zilizokwisha mapema mno, gari halina nguvu, linagoma kuwaka likiwa la moto. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuchanganya ipotee. Wananchi waliowasha koroboi waliumia, na hilo halikuwa dogo. Kwenye meza yetu ya pampu, hata hivyo, tofauti ilionekana. Kisha, kuanzia mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa ndiyo inayozaa asidi kwenye oili. Pamoja na hayo, magari yangu bado yanamwagwa oili kila kilomita 5,000, kwa sababu vumbi la Engare Sero halijapunguzwa na sheria yoyote.

Gari lenyewe lilikuwa limeshabadilika. Toyota ilileta injini ya 1HZ mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, pampu yake inaendeshwa kwa vyuma bila kompyuta. Zile Land Cruiser ndefu tunazoziita mkonga zilikuja na matangi mawili, jumla lita 180. Ndani yake mtu mzima analala amenyooka, na paa likikatwa na kufungwa turubai la kuinuka, anasimama. Sijapata kuona gari linalokubali kugeuzwa nyumba kwa moyo mmoja namna ile. Linataka jambo moja tu usilolisahau: taiming belti. Land Rover ilikuwa na cheni, ukaiacha. Hii ina mkanda wa mpira, na ukikatika vali na pistoni zinakutana. Kila kilomita 100,000 taa inawaka kwenye dashibodi kukumbusha.

Kilichoingia baada ya hapo ndicho kilichoigeuza kazi yetu, nacho ni friji. Zilitangulia zile za gesi, ambazo zinataka gari lisimame limenyooka kama meza na zinachoka kwenye joto la Tarangire la Oktoba. Kisha zikaja za kompresa, za volti 12, zinazogandisha nyama hata gari likiwa linaruka mashimo. Friji hiyo ikifanya kazi inakula kama ampea nne. Kwenye joto inazunguka zaidi ya nusu ya saa zote za siku, na ukipiga hesabu unapata kama ampea-saa 50 kwa siku. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haipendi kushushwa chini ya nusu. Ikisoma volti 12.2 imeshafika hapo. Maana yake, siku moja tu umemaliza akiba.

Hapo ndipo tulipoanza kufunga betri ya pili, na rilei ya kuzitenganisha ili friji isije ikainyonya betri ya kuwashia. Kambini, jioni, ulisikia injini zikinguruma bila kwenda popote, zinachajisha betri ya friji. Nililichukia jambo hilo. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati joto la kutosha, masizi yanajaa, na majirani hawasikii ndege wala fisi. Paneli za sola zilipoanza kushuka bei ndipo kelele ile ilipokufa. Paneli ya wati 200 kwenye karia, kwa jua letu, inarudisha karibu kila kilicholiwa na friji. Wateja wakaanza kukaa sehemu moja siku kadhaa bila kugusa ufunguo, na kambi zikatulia.

Betri za lithiamu ndizo za mwisho kufika. Kemia yake, ya chuma na fosfeti, ilichapishwa na kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1997. Kwenye gereji zetu imeingia juzijuzi tu. Ya ampea-saa 100 ina uzito kama kilo 12, chini ya nusu ya ndugu yake wa risasi, na unaweza kutumia karibu chaji yote. Ila ina hulka yake. Ikiwa tupu inavuta umeme mwingi kiasi kwamba altaneta inayozunguka taratibu kwenye foleni inaweza kuungua waya. Haifungwi moja kwa moja. Katikati unaweka chaja inayoupima umeme, ya ampea 30 hivi kwa altaneta zetu. Na haikai kwenye boneti. Joto la injini linaifupishia maisha, kwa hiyo mimi huilaza ndani, chini ya kitanda, karibu na ekseli ya nyuma.

Siku hizi vijana wangu wanashika mita kuliko spana. Ukilitazama gari likiwa limevuliwa mbao za ndani utaona kilichobadilika: nyaya, fyuzi, pampu ya maji, taa, soketi za simu na kompyuta. Na adui amebadilika pamoja nazo. Barabara ya kwenda Ziwa Natron, yenye mawimbi kama bati, haina haja ya kuvunja springi. Inautikisa waya juu ya ukingo wa chuma mpaka ganda lake linaliwa, na hapo moto uko karibu. Ndiyo maana kila waya unaopita kwenye tundu la bodi lazima uvishwe mpira, na kila waya unaotoka kwenye betri uanze na fyuzi hapohapo ulipoanzia, hata kama ni wa taa ndogo. Bomba la shaba la gesi nimelifuta kabisa kwenye magari yangu. Linapasuka kwa mtikisiko, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka na kulala sakafuni unapolala wewe. Natumia mpira maalumu, na kwenye kabati la mtungi natoboa tundu chini.

Uzito ni jambo jingine ambalo wateja hawataki kulisikia. Lita 100 za maji ni kilo 100. Weka hema la paa, kivuli cha pembeni, matairi mawili ya akiba juu ya karia, na gari linalopinda vizuri linageuka kuwa la kupinduka. Nawaambia washushe vizito, waache vingine nyumbani. Wengine wananuna.

Magari mapya ya komoni reli nayafunga pia. Yana nguvu, yanakula mafuta kidogo, na kwenye lami ya Dodoma hadi Babati yanateleza tu. Lakini nozeli zake zinafanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na tone la maji ambalo 1HZ ingelikohoa na kuendelea, hizo zinakufa nalo. Anayeniuliza anunue lipi kwa safari ya mbali namwambia bila kusita: injini ya zamani, betri mpya.

Sasa hivi kwenye shimo la gereji ipo mkonga moja, mali ya mume na mke wanaotaka kwenda hadi Cape Town na kurudi, zaidi ya kilomita 10,000. Wameshalipia lithiamu, paneli na friji, na fundi waya ana hamu ya kuanza. Taiming belti yake ina kilomita 92,000. Taa ya dashibodi bado haijawaka. Ingewaka huko njiani. Nimemwambia fundi waya asubiri. Kwanza tunabadilisha mkanda huo pamoja na beringi yake ya kukazia na pampu ya maji, tunashusha matangi yote mawili kuyasafisha, halafu gari ni lake.