Fimbo, Kengele na Utu Darasani

Mtoto hujifunza kwa kuwa anasukumwa, au kwa kuwa mwenyewe anataka? Wataalamu wa elimu wamelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja, wakaliandikia vitabu vingi. Lakini ndugu msomaji asidhani kwamba ni swali la vyuo vikuu tu. Hapa Murusagamba, kata ya wilaya ya Ngara iliyo karibu na mpaka wa Burundi, nimelisikia likibishaniwa chini ya mti na wazazi wasiojua jina la mtaalamu hata mmoja, nao waliligawa vilevile kama wanavyoligawa wataalamu.

Upande mmoja nitauita mkondo wa mwenendo. Wakuu wake walianza na wanyama. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata ishara fulani kabla ya chakula hutokwa na mate kwa ishara yenyewe, hata chakula kisipoletwa. Edward Thorndike wa Marekani aliwafungia paka katika kizimba, akaona kwamba tendo linalozaa faida hurudiwa, na lisilozaa faida huachwa. Kisha akaja B. F. Skinner, aliyefariki mwaka 1990, akayapeleka hayo darasani: somo ligawanywe vipande vidogo, mwanafunzi ajibu, na akipata ajulishwe papo hapo. Hata mashine ya kufundishia kwa njia hiyo aliiunda.

Upande wa pili ni mkondo wa utu. Abraham Maslow, katika maandishi yake ya mwaka 1943, alisema kuwa haja za mtu zina ngazi: mwenye njaa na hofu hawezi kuipanda ngazi ya juu kabla hajashiba na kutulia. Carl Rogers akamtaka mwalimu awe msaidizi wa anayejifunza, si bwana wake. Naye Paulo Freire wa Brazili, aliyepata kufika Tanzania katika miaka ya 1970, aliifananisha shule mbaya na benki, ambamo mwalimu huweka akiba na mwanafunzi ni sanduku tu.

Sisi Watanzania hatukungoja kufunzwa hayo na wageni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zimjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine bila ya kuwaiga kama kasuku, na moyo wa kujiamini kama raia huru aliye sawa na wenzake. Huo ni mkondo wa utu kwa kila hali. Ajabu ni kwamba nia hiyo ya utu tuliikabidhi kwa madarasa yaliyoendeshwa kwa kengele na fimbo.

Sisemi hivyo kwa kulaumu. Mimi ni mtoto wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwishoni mwa mwaka 1977 shule zilifurika watoto. Walimu hawakutosha, hata ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe huku wakifundisha. Kijana wa namna hiyo, mbele ya umati wa watoto wenye kitabu kimoja, angefanya nini zaidi ya kuimbisha? Tuliimba jedwali la kuzidisha asubuhi, tukaliimba tena kabla ya kwenda shamba la shule. Sasa nina zaidi ya miaka hamsini, na mtu akiniamsha usiku wa manane kuniuliza saba mara nane, jibu litatoka kabla sijafumbua macho.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaodharau kukariri. Ushairi wenyewe umenifunza hivyo. Mshororo wa mizani kumi na sita, nane na nane, haukuingia masikioni mwangu kwa maelezo. Uliingia kwa kurudiwa, beti baada ya beti, mpaka sikio likawa linakataa lenyewe mshororo uliopungua. Asiyepitia zoezi hilo hatunga, hubahatisha. Ila zoezi hilo linaishia mlangoni. Halikumpa mtu yeyote jambo la kusema, na nimewajua watu wenye vina safi kama maji ya chemchemi ambao ndani ya beti zao hamna kitu.

Tena ipo mila yetu wenyewe ambayo wataalamu wangefaidika kuitazama. Katika mchezo wa vitendawili mtegaji husema, wenzake wakahangaika, na wakishindwa humpa mji. Anayeshindwa hapigwi wala hachekwi kwa uchungu. Anatoa mji ambao si wake, anaambiwa jibu, na mchezo unaendelea. Kurudia kumo, maana kitendawili husikika mara nyingi. Tuzo nayo imo, maana mji ni mji. Lakini hofu haimo, na ndiyo sababu mtoto wa miaka sita huthubutu kujibu mbele ya babu yake.

Nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Yupo mvulana mmoja hapa kwetu, ambaye sitamtaja, mwana wa mama anayeuza maharage gulioni. Kwa kuwa tuko mpakani, wanunuzi wengine huja na faranga za Burundi. Nilisimama karibu naye siku moja, nikamwona akizigeuza faranga kuwa shilingi kichwani, akatoa chenji, akamkatalia mtu mzima aliyetaka kumpunja. Mtoto huyo huyo alikuwa wa mwisho darasani katika hisabati. Swali lililomshinda lilihusu gari moshi, naye hajapata kuliona, kwani Ngara haina reli. Akinyamaza anachapwa, akikosea anachapwa. Nyumbani husema Kishubi, na huwa anaitafakari hesabu kwa lugha hiyo kwanza, kwa hiyo jibu lake huchelewa. Kuchelewa nako kukahesabiwa kuwa ukaidi. Baadaye akawa anatoka nyumbani na daftari lake kila asubuhi, asifike shuleni.

Hapa ndipo napenda msomaji atulie kidogo. Watetezi wa fimbo hudhani kuwa sayansi ya mwenendo iko upande wao. La hasha. Skinner mwenyewe aliipinga adhabu. Alishikilia kwamba adhabu haifundishi tendo jema, bali huficha tendo baya kwa muda, na humfunza anayeadhibiwa kumkimbia anayemwadhibu. Mvulana wetu alijifunza barabara. Alijifunza njia ya kuikwepa shule. Katika mkondo huo tuliacha tuzo tukachukua kiboko, ambacho mwenye mkondo alikwisha kukikataa.

Suala hilo lilifikishwa kwenye kikao cha wazazi, nami nilikuwapo kama mtumishi wa serikali ninayeishi katika kata hii. Nilieleza kwamba kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya fimbo nne, tena kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na kwamba kila adhabu huandikwa daftarini. Nikawakumbusha yaliyotokea mjini Bukoba, katika mkoa wetu huu wa Kagera, mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano alipofariki baada ya kupigwa, na mwalimu akashtakiwa kwa mauaji. Watu walikaa kimya. Kisha mwalimu mmoja kijana akasema kwa adabu kwamba tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 darasa lake limejaa hadi dirishani, na akauliza jinsi ya kumsikiliza kila mtoto mmoja mmoja. Sikuwa na jibu la kumtosha. Mkondo wa utu ni mzuri kwa kuusoma, lakini unahitaji walimu, madawati na uji, na wanaouhubiri mara nyingi husahau kuhesabu gharama yake.

Mzee mmoja akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, sisi tulichapwa, na tumekuwa watu."

"Shikamoo mzee wangu," nilimjibu. "Ni kweli mmekuwa watu. Lakini waliochapwa wakaikimbia shule hawakualikwa hapa kutoa ushahidi wao."

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Mama wa yule mvulana, aliyekuwa ameketi nyuma na mizani yake ya gulioni magotini, aliomba nafasi. Alisema hana maneno mengi. Anataka kujua tu kama mwalimu anaweza kumuuliza mwanawe hesabu za maharage. Yule mwalimu kijana akasema anaweza, na kwamba angeanza Jumatatu. Wazazi wakakubaliana kila kaya ilete mahindi kwa ajili ya uji. Kuhusu fimbo hawakukubaliana, mjadala ukaahirishwa hadi kikao kijacho, maana jua lilikuwa limezama na wa mbali walikuwa na vilima vya kupanda.