Desemba Bila Theluji

Watu wengi hudhani kwamba mchoraji hukaa akingoja wazo limshukie kama mvua. Mimi katika kazi hii nimeona kuwa mawazo hayashuki, bali huokotwa. Huokotwa sokoni, kituoni, jikoni, na aghalabu palepale mlangoni, maana vitu vya karibu ndivyo tunavyovizoea, na tukishavizoea hatuvioni tena.

Mwishoni mwa mwaka uliopita nilipewa kazi ya kuchora kadi sita za sikukuu. Mwenye kazi alinionyesha mfano: msonobari uliofunikwa na theluji, nyumba yenye dohani, na mzee wa ndevu nyeupe ndani ya koti zito. Alisema hizo ndizo zinazonunuliwa. Nami naishi Dar es Salaam, ambako joto la Desemba humtoa mtu chumbani akalala barazani! Nilimwomba anipe wiki mbili nichore Desemba ninayoijua, asipoipenda, asinilipe. Kwa mtu anayekula kwa brashi, hilo si neno dogo.

Basi nikatoka na daftari. Cha kwanza kilikuwa mkrismasi. Asili ya mti huu ni Madagaska, lakini umekuwa mwenyeji hata ukapewa jina la sikukuu, kwa kuwa wakati huo ndipo unapowaka maua mekundu. Nilichora mtoto akifagia maua hayo asubuhi, na mengine yakimwangukia mgongoni. Nikachora embe sokoni zilizopangwa mafungu mafungu, na fundi cherehani akishona usiku, nguo za watoto zimemzunguka. Nikachora kumbikumbi wakiizunguka taa baada ya mvua ya vuli, na ngarawa ikikimbia na upepo wa kaskazi.

Hata karatasi ina majira yake. Siku za unyevu rangi ya maji hukawia kukauka na kingo zake hutambaa. Upepo ukivuma, hukauka upesi na mstari hubaki mkali. Kwa hiyo kumbikumbi niliwachora jioni ya mvua, mwanga wa taa ukaenea wenyewe kwenye karatasi. Ngarawa niliingoja mchana wa upepo.

Siku hizo nilimkumbuka sana Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mnamo 1968. Alitumia vibao vya hadibodi na rangi ileile iliyopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baadaye, lakini mtindo wake unaendelea kulisha familia nyingi. Hakungoja rangi za ng'ambo ndipo aanze.

Mwenye kazi alizitazama picha zangu kwa muda mrefu, kisha akachukua zote tano. Ya sita, alisema, lazima iwe na theluji. Nikamchorea Kilimanjaro alfajiri, mbele yake migomba, na basi lililojaa Wachaga wanaorudi nyumbani kula sikukuu. Alicheka, akalipa. Mimi sikucheka sana, kwa maana kati ya 1912 na 2011 barafu ya mlima ule ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Huenda mtoto atakayeiokota kadi hiyo miaka mingi ijayo akauliza ule weupe ulikuwa nini.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kazi hii. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi theluji ya wenzetu ni mbaya; kwao ni kweli, na mchoraji wa kwao aichore. Lakini Desemba yetu tusipoichora sisi, nani ataichora? Nawe, msomaji, hata kama hujawahi kushika brashi, leo hii tazama kitu kimoja kilicho mlangoni pako kana kwamba umeombwa kukichora. Utashangaa kilivyokusubiri.