Kitafunwa cha Meno ya Mbwa: Je, Kina Faida?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno yahusuyo kinywa. Tuna chonge, magego, ufizi na ukoga. Hata hivyo, biskuti inayotengenezwa kiwandani ili mbwa aitafune na meno yake yasafike haina jina lililozoeleka miongoni mwetu. Katika insha hii nitaiita kitafunwa cha meno. Najua wenzangu watacheka, maana huku kwetu si kila mtu ana mswaki, sembuse mbwa. Lakini kitu hicho kiliingia nyumbani kwetu wakati ambapo uhai wa mbwa wetu, na labda wa watoto wetu, ulikuwa mashakani. Ndiyo sababu nimeona kinafaa kupimwa bila mzaha.

Kwetu ni Bugendana, mkoani Gitega. Kwenye kilima chetu mbwa hakai ndani. Analala uani, analinda mbuzi usiku, na anakula kinachobaki: ugali wa muhogo, mchuzi wa maharage, na mfupa siku ya sherehe. Wetu anaitwa Bobi. Likizo iliyopita kaka yangu, ambaye ni mlinzi katika nyumba moja mjini Bujumbura, alirudi na mfuko wa vitafunwa vya meno uliobaki nusu. Mwajiri wake alikuwa anahama nchi, akampa. Vilikuwa vya kijani, vyenye umbo la mswaki na harufu ya nanaa. Mama alivinusa akasema vinanukia kuliko dawa yetu ya meno.

Siku hizo Bobi alikuwa ameacha kula. Mate yalimdondoka, kichwa alikiinamisha upande mmoja, na mtu akimkaribia shavuni alinguruma. Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu, alimwambia baba, "Mwanangu, mbwa huyu ana kichaa. Muueni kabla hajauma mtoto."

Hakuna aliyembishia. Kichaa cha mbwa kipo Burundi, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufa. Kudondosha mate na kushindwa kula ni miongoni mwa dalili za ugonjwa huo kwa mbwa. Tatizo ni kwamba hizo hizo ni dalili za jino bovu. Kwa macho tu huwezi kutofautisha, na kuingiza mkono kinywani ili uhakikishe ni kucheza na kifo.

Baba alimfunga Bobi mbali na watoto, akamwita daktari wa mifugo. Swali la kwanza la daktari halikuhusu meno. "Mzee, amechanjwa lini?" Mama alileta kadi, ambayo huihifadhi pamoja na kadi zetu za kliniki. Chanjo ilikuwa haijamaliza mwaka. Hata hivyo daktari alitaka aangaliwe kwa siku kadhaa akiwa amefungwa. Siku zikapita bila hali kuzidi. Bobi alikunywa maji na kumtambua kila mtu. Ndipo daktari akamchoma sindano ya usingizi, akamfungua kinywa, akakuta gego kubwa la juu limepasuka, ufizi umevimba, na magego mengine yamefunikwa na ukoga wa kahawia. Aliling'oa lile gego. Baada ya siku mbili Bobi alikuwa anakula.

Kaka aliuliza kama vitafunwa vyake vingezuia yote hayo. Daktari alichukua kimoja, akakibonyeza kwa ukucha, akasema hicho hakiwezi kuvunja jino, lakini pia hakiwezi kuliponya. Jibu hilo lilinifanya nisome zaidi.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi yetu. Juu ya meno hayo hujengeka utando laini wa bakteria. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ukoga mgumu ndani ya siku chache. Kitafunwa hufanya kazi kwa kukwaruza: jino huzama ndani yake, nao utando hufutika. Kwa hiyo kinachomezwa kizima hakisafishi kitu. Kilicho kigumu mno ni hatari, na hapo ndipo kipimo cha ukucha kinaposaidia: ukucha usipoacha alama, usimpe. Mifupa na pembe hazipiti mtihani huu. Mfupa uliopikwa una ubaya wa ziada, kwani hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Je, madai yaliyoandikwa kwenye mifuko ni ya kweli? Marekani kuna baraza linalojulikana kwa herufi VOHC, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo hutoa alama kwa bidhaa zilizothibitishwa kupunguza utando au ukoga. Baraza lenyewe halifanyi majaribio. Hukagua matokeo yanayowasilishwa na watengenezaji, na majaribio hayo hulinganisha mbwa waliopewa bidhaa na wasiopewa. Alama hiyo ina maana, ila neno muhimu ni "kupunguza". Kitafunwa husafisha magego zaidi ya meno ya mbele, na hakifiki chini ya ufizi, ambako ugonjwa hujificha. Kinachokishinda ni kumpiga mbwa mswaki kila siku, tena kwa dawa ya mbwa. Yetu haifai kwa sababu yeye huimeza, na baadhi ya dawa zetu zina zailitoli, kiungo cha utamu kinachoweza kumuua.

Bobi alipopona tulimpa vile vitafunwa. Cha kwanza alikimeza kwa mikupuo miwili, tukacheka. Cha pili kaka alikishika upande mmoja ili amlazimishe kutafuna, na hapo kilifanya kazi yake. Mfuko ulipokwisha hatukutafuta mwingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Kitafunwa cha meno kina faida kwa mbwa mwenye meno mazima, anayetafuna badala ya kumeza, na ambaye mwenyewe ana fedha za kukinunua kila siku. Kwa mbwa wa Bugendana faranga ya kwanza ni ya chanjo, kwa sababu kadi ile ndiyo iliyotupa ujasiri wa kusubiri badala ya kuua. Ya pili ni ya daktari, siku mbwa anapoacha kula. Kisha kuna mambo yasiyogharimu kitu: kutomtupia mfupa uliopikwa, kumnusa kinywa akiwa ametulia, na kuangalia ufizi wake anapohema mdomo wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule mzee jirani hakuwa na kosa kuogopa. Alisema kile ambacho wengi wetu tungesema. Mwezi uliofuata alikuja kwa baba kuuliza chanjo hupatikana wapi, kwa kuwa naye ana mbwa wawili, na wajukuu wanne wanaocheza nao.