Ufa Uliopakwa Rangi



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wasomaji, wiki hii nimeona niandike jambo lililonifika mimi mwenyewe, ijapokuwa halinipi sifa. Miaka mingi nimewasomesha watoto mlango wa biashara katika fiqhi: nguzo za mauzo, hiari ya mnunuzi, kasoro na marejesho. Sikujua mlango huo ungenibana namna gani mpaka nilipousimamia nikiwa na mali ya kuuza.

Makazi yangu sasa ni Kiamunyi, pembeni mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Eldama Ravine. Ardhi yetu ni ya volkano, tukitazamana na mlima Menengai, na dhahabu haimo. Dhahabu ya Kenya aghalabu imo katika miamba mikongwe ya magharibi: Migori, Lolgorian, na Kakamega, ambako iligunduliwa mwaka 1931 ikavuta mamia ya walowezi. Ninyi wa pwani mtauliza, basi sheikh wa Kiamunyi ana nini na dhahabu?

Nilialikwa Migori kwenye harusi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Siku ya pili wenyeji wetu, ambao ni wachimbaji wenye kibali, walitupeleka mtoni wakatufundisha kuosha mchanga kwa karai. Unalizungusha karai majini polepole, mchanga unatoka na maji, na kilicho kizito kinabaki chini. Dhahabu ina uzito wa takriban mara 19 ya maji, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Baada ya saa nzima nikaona chembe moja, ndogo kuliko punje ya mtama, iking'aa kwenye ukingo wa karai. Haikuwa na thamani ya nauli yangu. Lakini tangu siku hiyo, kila likizo ya madrasa, mimi na mwanangu wa kwanza tukawa twaenda kwa wenyeji wale, twaosha mchanga, twazungumza, twarudi. Sikumbuki wakati mwingine niliozungumza na mwanangu kiasi hicho.

Hapo ndipo tamaa ilipoingia. Mtu mmoja hapa Kiamunyi, aliyewahi kufanya kazi hiyo huko magharibi, alikuwa akiuza mashine kuukuu ya kufyonza mchanga mtoni. Ina injini ya petroli inayoendesha pampu. Pampu inasukuma maji kwa nguvu, nayo maji hayo yanavuta mchanga na changarawe kupitia mpira mnene, kisha vyote vinamwagwa juu ya mfereji wa bati wenye vizingiti vidogo na zulia, dhahabu inase humo. Yote hukaa juu ya maboya. Alitaka shilingi 70,000, tukaafikiana 62,000.

Sikuwa na fedha hizo. Mke wangu alinipa bangili yake moja ya dhahabu, katika mahari yake, niiuze. Mahari ni mali yake peke yake, sina haki nayo, kwa hiyo tukaandikiana kuwa ni deni. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, unauza dhahabu ya yakini kwenda kutafuta ya dhana." Nikacheka. Leo sicheki.

Siku ya kununua, muuzaji aliiwasha injini, ikanguruma vizuri. Pampu haikujaribiwa, kwani uani kwake hapakuwa na maji, nami nikaona haya kumwambia asubiri. Nikatia saini karatasi iliyosema mashine imeuzwa ilivyo na haitarejeshwa. Jioni ile nyumbani nikajaza pipa, nikatia mpira, nikawasha. Maji yakaruka ubavuni mwa pampu kama bomba lililopasuka. Fundi alipokwangua rangi tukaona ufa wa urefu wa kidole katika ganda la chuma, umejazwa gundi na kupakwa rangi juu yake. Feni ya ndani nayo ilikuwa imeliwa na mchanga.

Baada ya sala ya Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa yule bwana. Akanionyesha karatasi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akigundua kasoro ya zamani inayopunguza thamani ana haki ya kurejesha, madhali hakuchelewa wala hakuendelea kukitumia kitu baada ya kujua. Na sharti la kusema "nauza ilivyo" halimwokoi muuzaji. Kauli yenye nguvu ni kuwa linamfaa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, basi. Mashine si mnyama, na aliyepaka rangi alijua anachokificha. Lakini yule bwana hakuwa Mwislamu, na hata angekuwa, Katiba yetu imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Biashara haimo. Nikarudi nyumbani na mashine yangu juu ya pikapu ya kukodi.

Wakati huo ndipo nikasoma sheria, jambo nililopaswa kulitanguliza. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, na serikali imeyashika kwa amana ya wananchi. Kibali cha mchimbaji mdogo ni cha uchimbaji wa njia za jadi na desturi. Karai langu, pamoja na wenyeji wenye kibali, lilikuwa jambo dogo. Injini yenye maboya si jadi ya mtu yeyote. Hata Marekani, jimbo la California, ambako dhahabu ya mwaka 1848 iliwakimbiza watu kutoka kila bara, lilisimamisha mashine hizi mitoni mwaka 2009, kwa sababu huvuruga mazalio ya samaki na kuibua zebaki iliyoachwa na wachimbaji wa zamani. Kwetu nako zebaki hutumika kukamatia dhahabu, na maji ya Mto Migori huishia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, hata kama pampu ingekuwa nzima, nisingekuwa na haki ya kuitia mtoni.

Mashine ikakaa chini ya turubai miezi saba. Kila nilipopita nikiiona, niliiona bangili.

Kisha akaja kijana mmoja mkulima kutoka upande wa Rongai, anataka pampu ya kumwagilia sukuma wiki. Nilikuwa nimekwisha kumwambia fundi aizibe upya na kupaka rangi, nikijiambia kuwa ni matengenezo tu. Kijana akaiwasha, akasikiliza injini, akatabasamu. "Sheikh, nitakupa elfu hamsini leo leo." Hakuuliza juu ya pampu. Kwetu tena hapakuwa na maji uani, pipa lilikuwa tupu, wala sikulijaza.

Ndugu zangu, nafsi ni mwanachuoni hodari. Iliniambia: hakuuliza. Iliniambia: wewe pia ulidhulumiwa. Iliniambia: fedha hizi si zako, ni za mkeo, na kumlipa ni wajibu. Hoja hii ya tatu ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa kuwa ilivaa kilemba.

Nikakumbuka kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik. Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa kuna maradhi ambayo hakutajiwa. Sayyidna Uthman akaamua Ibn Umar aape kuwa alipouza hakujua maradhi yoyote. Akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa. Nikajiuliza: mimi nikiapishwa leo, nitasema nini?

Nikamwambia kijana, "Mwanangu, ngoja." Nikamwonyesha palipozibwa, nikamweleza na feni iliyolika. Aliinamisha kichwa, akanitazama, kisha akasema, "Sasa Sheikh, ulikuwa uniambie saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaichukua kwa shilingi 23,000, kwa ajili ya injini, na karatasi yetu ikataja ufa na feni.

Kisa kile kinaendelea kuwa mtumwa alipona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1,500. Mimi halijanijia ongezeko lolote. Nilimkabidhi mke wangu zile 23,000, na zilizobaki namlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, naye anaandika katika daftari lake. Hajalirudia lile neno lake hata mara moja.

Nawausia, na mimi nikiwa wa kwanza: ukinunua mashine ya maji, ijaribu kwa maji, hata kama itabidi uyanunue. Usione haya, kwani haya ya saa moja ilinigharimu miezi. Uliza sheria kabla ya bei. Mali ya mkeo iandike deni, na ulilipe. Na ukiwa muuzaji, taja kasoro kabla hujaulizwa, kabla mteja hajatoa bei. Mimi niliitaja baada ya bei, na swali la kijana yule bado ninalo.

Karai bado tunalo, na likizo ijayo, inshaallah, nitakwenda tena na mwanangu. Namwomba Allah atubarikie katika kilicho kidogo na halali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.