Ligi ya Fantasy Ifakara: Mafuriko Yalipofika Mpaka Kwenye Daftari

Kuna washikaji sita pale Ifakara waliochoka kubishana soka kibanda umiza bila mshindi. Agosti 2023 wakaanzisha ligi yao ya fantasy. Siyo ile FPL ya kawaida ambayo kila mtu ana Haaland. Wao walichagua Draft: mchezaji mmoja, mmiliki mmoja. Ukimchukua Salah, wenzako watabaki kumwangalia tu.

Wakaongeza na chumvi. Msimu ukiisha, kila mtu anabaki na wachezaji wake watatu kwa msimu ujao. Programu haina kitu hicho, kwa hiyo likanunuliwa daftari, akakabidhiwa dada mmoja mwenye duka. Kiingilio Sh20,000 kwa msimu. Asiyelipa kabla ya siku ya kuchagua, wachezaji wake wanarudi sokoni. Wote wakasaini.

Septemba hiyo Cole Palmer akatoka Manchester City kwenda Chelsea. Kundini hakuna aliyeshtuka, isipokuwa mmoja, mkulima wa mpunga, akamwokota bure. Palmer akamaliza ligi na mabao 22! Unaambiwa jamaa alikuwa anatembea mjini kama ana kiwanja Masaki.

Halafu ikaja Aprili 2024. Mafuriko yakapiga bonde la Kilombero, shamba lake likalala chini ya maji. Agosti ikafika, elfu ishirini haipo.

Grupu la WhatsApp likawaka. Mmoja akasema: "Sheria ni sheria. Tukilegeza leo, mwakani kila mtu atakuja na mafuriko yake." Mwingine akataka kumlipia kimyakimya. Mwenyewe akagoma: "Sitaki kuchangiwa kama msiba, kaka. Mchukueni tu Palmer."

Sasa sikia. Zamu ya kwanza ya kuchagua ilikuwa ya yule dada wa daftari. Angekaa kimya tu, Palmer ni wake. Badala yake akaandika: "Ligi ya msimu mmoja unaweza kumtoa mtu. Hii yetu tumeahidiana mwakani na mwaka unaofuata. Mpunga nao una mwakani." Akaleta sheria mpya, siyo ya mtu mmoja, ya wote: anayekwama anaandikwa deni, analipa akivuna au akipata, na akishinda linakatwa kwenye zawadi yake.

Kura zikapigwa, nne kwa mbili. Palmer akabaki.

Septemba 28, Palmer akaitungua Brighton mabao manne, yote kipindi cha kwanza. Mshika sheria ndiye aliyepangiwa kucheza na mkulima wiki hiyo. Alilala mapema.

Mavuno ya 2025 yalipotoka, deni lilikuwa la kwanza kulipwa, kabla hata ya simu mpya. Kumbakiza mchezaji ni kuandika jina tu. Kumbakiza mshikaji ndiyo kazi.

Ila tuwe wakweli, hata yule aliyeshika sheria hakuwa na roho mbaya. Ligi nyingi za kitaa zimekufa kwa "atalipa tu." Wewe ungepiga kura upande gani?