Konokono Mwenye Chusa

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Pemba. Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa hata mwamba ukawa wazi, nilifuatana na mjomba wangu kutafuta pweza. Katika kidimbwi niliona konokono mzuri ajabu, umbo lake kama pia, amepambwa pembetatu nyeupe juu ya rangi ya kahawia mfano wa kitambaa kilichofumwa. Nikamtia katika mfuko wa shati.

"Mtupe huyo!" Mjomba alipiga ukelele, na kabla sijasema neno alikwisha kuung'oa mfuko wenyewe. "Ana sumu."

Nilikasirika, kwani shati lilikuwa jipya. Nikamjibu kwa kiburi cha Kidato cha Nne ya kuwa konokono hula majani tu. Hatukusemezana mpaka nyumbani.

Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa Baiolojia alinionyesha picha yake kitabuni. Anaitwa Conus textile, jina alilopewa na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Neno la kwanza ni la jenasi, maana yake pia. La pili ni la spishi, maana yake kitu kilichofumwa. Kumbe Bwana Linnaeus naye aliona kitambaa! Familia yake ni Conidae, katika ngeli ya Gastropoda. Mwaka 2009 wataalamu wawili walimtia katika jenasi ya Cylinder, lakini mwaka 2014 wengine waliochunguza DNA wakamrudisha Conus.

Lakini kilichonitia baridi ni chakula chake. Majani hayagusi, huwinda konokono wenziwe. Jino lake lina uwazi ndani kama sindano, na ncha yake ina kulabu. Hulichoma mfano wa mvuvi na chusa lake, na sumu hupitia humo. Mdomo wake mrefu hutokea upande mwembamba wa ganda, nao hupinda ukafikia vidole vya aliyemshika. Ndugu yake, Conus geographus, ambaye hula samaki, amekwisha kuua watu, na dawa ya kuiondoa sumu yake haipo.

Usiku ule ule nilimwandikia mjomba barua ya kuomba radhi, nikamwomba na ganda tupu kwa kabati la maabara yetu. Limefika juma lililopita, limefungwa ndani ya ule mfuko wa shati.